Namna ya Kupima Athari ya Magnesiamu kwa Seli za Mfupa Zilizochakaa: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Shahada ya Kwanza

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayechagua mradi kuhusu mifupa na uzee huja kwa msimamizi akiwa na swali moja kubwa: je, vidonge vya madini vinawasaidia wazee wasivunjike mifupa? Swali hilo lina uzito wake, kwa sababu karibu kila ukoo una bibi au babu aliyeteleza, akavunjika nyonga, na tangu siku ile hakutembea tena bila kushikiliwa. Hata hivyo, seli zilizomo katika sahani ya plastiki haziwezi kulijibu, kwa kuwa hazina utumbo wa kufyonza kidonge, hazina figo za kutoa madini yaliyozidi, wala hazibebi uzito wa mwili. Kinachoweza kujibiwa kwa seli hizo ni swali dogo zaidi: madini fulani, kwa kiwango fulani, yanabadilisha nini katika seli zijengazo mfupa ambazo zimekwisha kuchakaa, na je, mabadiliko hayo yanatofautiana na yale yanayotokea katika seli changa?

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni magnesiamu juu ya seli za ukoo uitwao MC3T3-E1, ambazo ni seli za panya zijengazo mfupa. Nimeuchagua kwa sababu unaweza kukamilika ndani ya muhula mmoja, na kwa sababu una karibu mitego yote ambayo mwanafunzi atakutana nayo akichagua zinki, kalsiamu au strontiamu. Msomaji ataona kwamba narudi mara kwa mara kwenye visima vya kulinganishia, yaani vile vishimo vya sahani ya kukuzia seli ambavyo havipewi kitu kinachojaribiwa. Humo ndimo miradi mingi huharibikia, na kwa kawaida mwanafunzi huligundua hilo wiki ya mwisho, wakati hakuna tena muda wa kurudia.

Seli chakavu ni zipi

Mfupa ni tishu hai inayobomolewa na kujengwa upya maisha yote. Osteoklasti hubomoa, osteoblasti hujenga, na osteositi, ambazo ni osteoblasti zilizozikwa ndani ya mfupa uliojengwa nazo, huratibu kazi hiyo. Umri unaposonga, sehemu ya seli hizi huacha kugawanyika bila kufa. Leonard Hayflick na Paul Moorhead walieleza tabia hii mwaka 1961, walipoonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hufika mahali zikasimama, baada ya kugawanyika takriban mara 50. Seli iliyosimama hivyo haikai kimya, bali hutoa protini zinazochochea uvimbe na kuzidhuru seli jirani. Mwaka 2017 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kuziondoa seli za namna hiyo katika panya wazee kulizuia upotevu wa mfupa. Tangu hapo imekuwa halali kabisa kuuliza kama kuna kitu cha kawaida, hata madini, kinachoweza kuzipunguzia seli hizo madhara yake.

Hapa naziita seli chakavu, ili zisichanganywe na seli zilizokufa wala na seli zilizotulia kwa muda kwa kukosa nafasi au chakula. Tofauti hiyo itatuhusu tena tutakapofika kwenye rangi ya bluu.

Kuchagua kiwango cha madini

Kabla ya kuamua utaongeza kiasi gani, tafuta kwanza kilichomo tayari. Midia (maji ya lishe ya seli) ya alfa-MEM, inayotumika sana kukuzia osteoblasti, ina magnesiamu takriban milimola 0.8 kwa lita, kiwango kinachokaribiana na kile cha damu ya mtu mzima mwenye afya, ambacho ni kama milimola 0.7 hadi 1.0. Kwa hiyo kisima ambacho hujaongeza chochote si kisima cha sifuri, na mwanafunzi anayekiandika hivyo kwenye jedwali lake amewapotosha wasomaji kabla hawajafika kwenye matokeo. Andika jumla, yaani kilichokuwemo pamoja na ulichoongeza. Ukiongeza milimola 1, 2 na 5, viwango vyako vya kweli ni 0.8, 1.8, 2.8 na 5.8.

Kisha jiulize kila kiwango kinawakilisha nini katika mwili wa mtu. Figo zenye afya hutoa magnesiamu iliyozidi, kwa hiyo kidonge cha kila siku hakiwezi kuifikisha damu milimola 5. Wauguzi wa wodi za wazazi wanalielewa jambo hili kuliko watafiti wengi wa seli, kwa sababu wao hutoa magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba, na kabla ya kila dozi hugonga goti la mgonjwa kuona kama mguu bado unaruka, huhesabu pumzi na hupima mkojo. Madini yakizidi katika damu, misuli hulegea na pumzi inaweza kukatika. Kiwango cha milimola 5 na zaidi kinaweza kuwa na maana nyingine: skrubu za aloi ya magnesiamu zinazotumika kuunga mifupa huyeyuka polepole mwilini, na seli zilizo jirani yake hukutana na magnesiamu nyingi kuliko iliyo katika damu. Basi amua mapema kama mradi wako unahusu kidonge au unahusu skrubu. Ukiamua kidonge, viwango vya kati ya 0.8 na 1.8 ndivyo vyenye maana, na hivyo vya juu viwepo tu kuonyesha mahali seli zinapoanza kudhurika.

Chumvi utakayotumia pia ni uamuzi. Kloraidi ya magnesiamu yenye maji sita ya fuwele ina uzito wa molekuli wa 203.3, hivyo ili kupata mililita 10 za akiba (myeyusho mzito utakaopunguzwa baadaye) ya mola 1 utapima gramu 2.033. Ukitumia kwa makosa uzito wa chumvi kavu, ambao ni 95.2, utapima gramu 0.952 ya chumvi ile yenye maji, na akiba yako itakuwa na nguvu chini ya nusu ya ulichoandika kwenye lebo. Soma kopo lenyewe, usitegemee kumbukumbu wala daftari la mwenzako. Chumvi hii hufyonza unyevu wa hewa, na katika miji ya pwani kopo lililoachwa wazi kwa dakika chache hushikamana mabonge, kwa hiyo lipime haraka na kulifunga. Chuja akiba kwa kichujio cha mikromita 0.22. Mikrolita 250 za akiba hiyo katika mililita 50 za midia zinaongeza milimola 5.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Kila milimola 5 za kloraidi ya magnesiamu zinaongeza kani ya osmosisi, yaani nguvu ya midia kuvuta maji kutoka ndani ya seli, kwa takriban miliosmoli 15, kwa kuwa chumvi hiyo hugawanyika kuwa ayoni tatu. Seli husikia badiliko hilo. Kwa hiyo weka visima vya kulinganishia vyenye kloraidi ya sodiamu milimola 7.5, inayotoa miliosmoli zilezile bila magnesiamu yoyote. Kama seli zinaitikia chumvi ya kawaida sawasawa na zinavyoitikia magnesiamu, hujagundua athari ya magnesiamu. Visima vichache vyenye salfeti ya magnesiamu badala ya kloraidi vitakuonyesha pia kama mwitikio unatokana na magnesiamu au na kloraidi iliyoambatana nayo.

Kupata na kutunza seli

Ukoo wa MC3T3-E1 ulitokana na fuvu la panya wachanga wa aina ya C57BL/6, nao una matawi kadhaa yasiyofanana tabia. Tawi namba 4 huweka madini vizuri, ilhali tawi namba 24 haliweki kwa kiwango cha maana. Wapo wanafunzi waliosubiri wiki nne mbele ya sahani isiyobadilika rangi kwa sababu tu hawakuuliza chupa iliyokuwa kwenye friza ilikuwa ya tawi gani. Uliza, na uandike.

Agiza alfa-MEM isiyo na asidi askobiki. Alfa-MEM ya kawaida inayo, na askobiki ndiyo inayoziamsha seli hizi ziache kugawanyika tu na kuanza kutengeneza kolajeni. Ikiwemo tangu mwanzo, seli zako zitaanza kukomaa kabla hujaziruhusu. Kuza kwa seramu ya ndama asilimia 10, na hamisha seli kabla hazijajaza chupa kabisa. Tumia seli za namba ndogo ya uhamisho, yaani zilizohamishwa mara chache kutoka chupa hadi chupa, na fanya jaribio lote ndani ya namba zinazokaribiana, kwa kuwa seli hizi zikihamishwa mara nyingi hupoteza tabia zake za kujenga mfupa.

Namba kubwa ya uhamisho, hata hivyo, si umri. Nalisisitiza hili kwa sababu wanafunzi wengi huona njia rahisi hapa: kulinganisha namba 8 na namba 60, na kuita ya pili seli zee. Ukoo huu umekwisha kuvuka kizuizi kinachosimamisha seli za kawaida, na seli za namba 60 zinaendelea kugawanyika kwa furaha. Zimebadilika, lakini hazikuchakaa. Ukitaka uchakavu unaotokana na kugawanyika kwenyewe, utahitaji seli zilizochukuliwa moja kwa moja kutoka kwa binadamu, kwa mfano mabaki ya mfupa yanayotolewa wakati wa upasuaji wa nyonga. Njia hiyo ni nzuri zaidi kisayansi, ila inahitaji ridhaa ya mgonjwa na kibali cha kamati ya maadili. Nchini Tanzania suala hilo linahusu pia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na nchini Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Muhula mmoja kwa kawaida hautoshi. Ndiyo sababu tunatumia njia ya tatu.

Kuzichakaza seli

Njia hiyo ni kuzijeruhi kwa haidrojeni peroksaidi kwa kiasi ambacho hakiziui lakini kinazifanya ziache kugawanyika. Kiwango hutafutwa, hakinakiliwi kutoka kwenye makala ya mtu mwingine. Anza na mikromola 100, 200, 400 na 600 kwa saa 2, kisha subiri siku 3 hadi 7 uone zipi zimekufa, zipi zimepona na kuendelea, na zipi zimebaki hai bila kuongezeka.

Mtego wa kwanza umo ndani ya midia yenyewe. Alfa-MEM ina piruveti ya sodiamu takriban milimola 1, na piruveti huiharibu haidrojeni peroksaidi moja kwa moja. Ukiweka mikromola 400 za peroksaidi katika midia yenye mikromola 1000 za piruveti, unapigana na maji. Kwa saa zile 2 tumia midia isiyo na piruveti wala seramu, na kundi la seli changa lipitishwe katika midia hiyohiyo kwa muda uleule, bila peroksaidi. Mtego wa pili ni chupa ya peroksaidi. Ile ya asilimia 30 ina takriban mola 9.8 ikiwa mpya, lakini hupungua nguvu kila inapofunguliwa. Pima ufyonzaji wake wa mwanga kwa spektrofotomita katika nanomita 240, ukitumia kizidishi cha 43.6 kwa mola kwa sentimita, kila siku ya jaribio. Mtego wa tatu ni idadi ya seli. Kiwango kilekile cha peroksaidi ni kikali zaidi kwa seli chache kuliko kwa seli nyingi, kwa sababu kila seli ina vimeng'enya vya kuivunja na huikinga jirani yake. Panda idadi ileile kila mara, na uihesabu kwa chemba ya kuhesabia seli badala ya kuikisia kwa macho.

Baada ya mapumziko, zitoe seli kwa tripsini, kimeng'enya kinachozibandua kwenye sahani, zihesabu upya, na zipande kwa idadi sawa katika sahani za mwisho. Usipofanya hivyo, kisima cha seli changa kitakuwa kimejaa ilhali cha seli chakavu kikiwa na nafasi tele, na tofauti yoyote utakayoiona inaweza kuwa tofauti ya msongamano tu.

Amua pia utaratibu wa magnesiamu. Ukiiweka kabla ya peroksaidi unauliza kama inakinga. Ukiiweka baada ya seli kuchakaa unauliza kama inazirudishia uwezo. Hayo ni maswali mawili, na katika muhula mmoja chagua la pili, kwa sababu ndilo linalofanana na mzee anayeanza vidonge akiwa tayari mzee. Usiweke madini na peroksaidi kwa wakati mmoja. Kwa magnesiamu hatari ni ndogo, lakini kwa shaba au chuma madini yenyewe yatagusana na peroksaidi na kuibadilisha kabla haijafika kwenye seli.

Rangi ya bluu na namna inavyodanganya

Kipimo kinachotumika zaidi kutambua seli chakavu kilielezwa mwaka 1995: kimeng'enya cha beta-galaktosidasi kinachoonekana katika pH 6.0, ambacho katika seli chakavu ni kingi kiasi cha kuligeuza kemikali la X-gal kuwa bluu. Osha seli, zigandishe (yaani zikaze zilivyo kwa kemikali, si kwa baridi) kwa fomaldehaidi asilimia 2 na glutaraldehaidi asilimia 0.2 kwa dakika 3 hadi 5 pasipo kuzidisha, kwa kuwa ugandishaji wa muda mrefu huua kimeng'enya, kisha mimina mchanganyiko wa X-gal na uache kwa saa 12 hadi 16 katika joto la sentigredi 37.

Usiiweke sahani hiyo ndani ya inkubeta ya seli. Hewa ya kaboni dioksaidi iliyomo humo hushusha pH ya mchanganyiko, na katika pH ya chini ya hapo karibu kila seli, changa au chakavu, hugeuka bluu. Asubuhi utafungua mlango na kukuta sahani nzima imependeza, na kipimo chako kitakuwa kimekufa. Tumia oveni ya kawaida ya nyuzi 37, na funika sahani isikauke. Msongamano nao hudanganya: seli changa zilizojaa kisima kwa siku nyingi huanza kuonyesha bluu ingawa zimetulia tu kwa kukosa nafasi.

Chini ya hadubini seli chakavu ya kweli huonekana hata kabla ya rangi. Imetanuka na kubapa kama yai lililopasuliwa juu ya kikaango, kiini chake ni kikubwa, na bluu hukusanyika kama vumbi kuzunguka kiini hicho. Hesabu seli zisizopungua 200 kwa kila kisima, katika maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu kabla hujatazama. Mwombe mwenzako azibandike sahani alama za siri ili usijue unahesabu kundi gani, kwa sababu jicho linalotamani matokeo huiona bluu hata pale ambapo ni kijivu.

Rangi hii peke yake haitoshi. Iunganishe na kipimo cha kugawanyika, kama idadi ya seli siku ya 1, 3 na 5, na kipimo cha jeni la p21, linalosimamisha kugawanyika kwa seli, ikiwa maabara yako ina mashine ya qPCR ya kupima utendaji wa jeni. Na rudia kupima bluu mwishoni mwa jaribio. Peroksaidi haizisimamishi seli zote. Chache zinazobaki na nguvu huendelea kugawanyika, na baada ya wiki tatu zinaweza kuwa ndizo nyingi kisimani. Mwanafunzi asiyepima tena huandika kwamba magnesiamu imezirudisha seli ujanani, kumbe seli chakavu zimezidiwa idadi tu.

Kupima kazi ya kujenga mfupa

Ili seli zijenge, ziongezee asidi askobiki mikrogramu 50 kwa mililita na beta-gliserofosfeti milimola 10, na ubadilishe midia kila siku ya pili au ya tatu. Kuanzia siku ya 7 hadi 14 unaweza kupima alkalini fosfatasi, kimeng'enya kinachotangulia uwekaji wa madini. Kipimo chake ni rahisi: seli zilizopasuliwa hupewa p-nitrofenili fosfeti, maji yanageuka manjano, na unasoma ufyonzaji wa mwanga katika nanomita 405, kisha unagawa kwa kiasi cha protini au DNA ya kisima hicho.

Urahisi huo una shimo. Molekuli ya alkalini fosfatasi hubeba zinki na magnesiamu katika kitovu chake cha kazi. Ukiacha mabaki ya midia yenye madini mengi katika kisima, madini hayo yanaweza kukichochea kimeng'enya ndani ya kipimo chenyewe, bila seli kutengeneza kimeng'enya zaidi hata chembe. Osha seli mara tatu kwa bafa (myeyusho unaotunza pH) isiyo na kalsiamu wala magnesiamu, na hakikisha bafa ya kipimo ina magnesiamu sawa kwa visima vyote. Kisha fanya jaribio dogo la pembeni: chukua seli zilizopasuliwa ambazo hazikuwahi kupewa nyongeza, ziongezee magnesiamu wakati wa kipimo tu, uone kama manjano inaongezeka. Ikiongezeka, unajua ukubwa wa tatizo lako. Wanaofanya mradi wa zinki hawana budi kufanya jaribio hili.

Uwekaji wa madini wenyewe hupimwa siku ya 21 au zaidi kwa rangi iitwayo alizarini nyekundu, milimola 40, pH kati ya 4.1 na 4.3. Kwa wakati huo seli zimetengeneza utando mzito wa kolajeni, na ukimimina maji kwa nguvu utando wote hung'oka kutoka pembeni na kujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Mimina polepole kwenye ukuta wa kisima, na usinyonye hadi chini kabisa. Ukiosha vizuri kwa maji yaliyotoneshwa hadi yawe meupe, vinundu vyekundu vitabaki vimesimama, vingine vikubwa vya kuonekana kwa macho matupu. Yeyusha rangi hiyo kwa asidi asetiki asilimia 10, batilisha asidi hiyo kwa amonia, na usome katika nanomita 405.

Alizarini hushika kalsiamu, na haijui kama kalsiamu hiyo iliwekwa na seli au ilijigandisha yenyewe kutoka kwenye midia yenye fosfeti. Nilipokuwa mwanafunzi nilipata kisima chekundu kuliko vyote katika kundi la kalsiamu nyingi, nikakimbilia kumwita msimamizi. Aliniuliza swali moja tu, kisima kisicho na seli kiko wapi? Nilikuwa sikukiweka. Tuliporudia, kisima kisicho na seli chenye midia ileile nacho kiligeuka chekundu, na mwezi wangu mzima ukawa umepotea. Kwa hiyo kila kiwango cha madini kiwe na visima vyake visivyo na seli, vinavyobadilishwa midia siku zilezile kwa muda uleule, na usomaji wake utolewe kwenye usomaji wa visima vyenye seli.

Kwa magnesiamu kosa huelekea upande mwingine. Magnesiamu nyingi huzuia fuwele za haidroksiapataiti, madini makuu ya mfupa, zisikue, kikemia tu. Wekundu ukipungua katika milimola 5.8, usiseme haraka kwamba seli zimedhoofika. Tazama alkalini fosfatasi na jeni la osteokalsini, protini inayotengenezwa na osteoblasti, na ukiona hivyo havijapungua, basi huenda seli zinafanya kazi na fuwele ndizo zinazozuiwa.

Wala wekundu ukiongezeka, usiseme mfupa umeimarika. Watu wa Arusha na Kilimanjaro wana ushahidi wa jambo hili katika miili yao, kwani maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na wapo waliokunywa maji hayo tangu utotoni ambao mifupa yao ina madini mengi lakini imepinda na inauma. Mwaka 1990 jaribio la tiba ya floraidi lililofanywa Marekani kwa wanawake 202 waliokoma hedhi lilionyesha msongamano wa mfupa wa kiuno ukiongezeka kwa asilimia 35, lakini mivunjiko ya uti wa mgongo haikupungua kwa kiwango cha kuaminika, na mivunjiko ya sehemu nyingine iliongezeka.

Umeme, hewa na uchafuzi

Umeme ukikatika, usifungue mlango wa inkubeta kuangalia. Joto hudumu humo kwa muda, lakini kaboni dioksaidi hutoka yote mara moja mlango ukifunguliwa, na utaona midia ikigeuka kutoka nyekundu kuwa zambarau. Andika saa umeme ulipokatika na uliporudi. Tukio hilo ni sehemu ya data yako. Pima mikoplasma, bakteria wadogo sana wanaovamia seli za maabara, kabla ya kuanza na katikati ya mradi. Haionekani kwa hadubini ya kawaida, haichafui midia kwa macho, na hubadilisha ukuaji wa seli kiasi cha kufanana na uchakavu. Visima vya pembezoni mwa sahani hukauka haraka kuliko vya katikati, na midia ikipungua maji, madini yote yaliyomo huongezeka nguvu, kwa hiyo vijaze maji safi na uviache bila jaribio.

Kupanga muda na kuhesabu marudio

Visima vitatu vilivyopandwa kutoka chupa moja siku moja ni jaribio moja lililosomwa mara tatu. Marudio ya kweli ni seli zilizoyeyushwa kutoka vichupa tofauti, zikachakazwa siku tofauti, kwa midia iliyoandaliwa upya. Fanya yasiyopungua matatu. Katika muhula wa wiki 15, wiki nne za mwanzo zitaishia kwenye kujifunza mkono na kutafuta kiwango cha peroksaidi. Anza rudio la kwanza wiki ya 5, la pili wiki ya 6, la tatu wiki ya 7. Kila moja huchukua kama wiki nne, kwa hiyo utamaliza karibu wiki ya 11, ukiwa na akiba ya muda iwapo ukungu utaingia katika sahani mojawapo.

Katika takwimu tumia ANOVA (uchanganuzi wa kulinganisha wastani wa makundi) ya vigezo viwili, umri wa seli na kiwango cha magnesiamu, ukichukua wastani wa kila rudio huru kama namba moja. Swali lako la mwanzo linajibiwa na mwingiliano wa vigezo hivyo viwili. Kuonyesha kwamba magnesiamu imesaidia seli chakavu kwa kiwango cha kuaminika na haikusaidia seli changa kwa kiwango hicho si sawa na kuonyesha kwamba makundi hayo mawili yametofautiana. Lazima tofauti yenyewe ipimwe. Katika mchoro onyesha kila nukta, kwa sababu ukiwa na marudio matatu nguzo ya wastani inaficha mengi.

Hitimisho la tasnifu liseme kile tu kilichofanyika: katika seli za panya za MC3T3-E1, tawi namba 4, zilizochakazwa kwa peroksaidi ya kiwango fulani, magnesiamu ya jumla ya milimola 1.8 iliongeza, ilipunguza au haikubadilisha kipimo fulani baada ya siku kadhaa. Neno "wazee" lisionekane katika sentensi hiyo, wala neno "tiba". Matokeo yasiyo na mabadiliko yaandikwe kwa urefu uleule ambao yangeandikwa kama yangekuwa na mabadiliko, pamoja na picha za visima visivyo na seli na vile vya kloraidi ya sodiamu.

Kabla hujarudisha ufunguo wa maabara, gandisha vichupa vitatu au vinne vya seli za namba ndogo ya uhamisho, andika juu yake kwa kalamu isiyofutika jina la ukoo, namba ya tawi, namba ya uhamisho, tarehe na matokeo ya kipimo cha mikoplasma, kisha mwonyeshe mwanafunzi wa mwaka unaofuata viko kwenye rafu gani ya friza.